Zebaki Mwilini mwa Mtoto: Dawa Ipo, Lakini Haiwezi Kutangulia



Swali lililochelewesha kufungwa kwa kikao chetu kilichopita lilitoka kwa mjumbe mmoja wa upande wa Marambo. Alikuwa amesikia kwamba ipo dawa ya kumeza inayotoa zebaki mwilini mwa mtoto. Akatuuliza: kama dawa ipo, kwa nini tunazunguka vijijini na mabango na semina? Kwa nini tusiwaombe wafadhili waturahisishie, tukanunua, tukagawa kama tunavyogawa vyandarua? Wajumbe wengi walipiga makofi, na sisi tuliokaa meza ya mbele hatukuwa na jibu la kutosha. Tuliahidi kujibu kwa maandishi. Jibu hilo linawahusu pia wafadhili, kwa sababu miongoni mwao wapo walioonyesha nia ya kuchangia dawa hiyo.

Kwa kifupi, dawa ipo, ni ya kweli, na inawezekana kabisa kwamba wapo watoto wetu watakaoihitaji. Hata hivyo, kwa sasa hatuombi fedha za kuinunua. Tunaomba mtusomee mpaka mwisho ili mwone kwa nini, na mkiona tumekosea, mtuambie.

Zebaki inavyomfikia mtoto

Wasomaji wetu wa mbali wanaijua Nachingwea kwa mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuporomoka baada ya miaka michache tu, au wanaijua kwa korosho na ufuta. Siku hizi ipo dhahabu pia. Marambo, na upande wa Ruangwa maeneo kama Namungo, wapo wachimbaji wadogo, na wapo wakulima wanaoingia machimboni wakishauza ufuta huku wakisubiri korosho. Hatuwalaumu. Ada ya shule na bati la nyumba vimetoka huko.

Mawe yakitoka shimoni husagwa kwenye karasha, kisha unga wake huoshwa kwenye mwalo. Mchanga mzito unaobaki huwekwa kwenye beseni, humiminiwa zebaki, na kukandwa kwa mikono kama unga wa maandazi. Zebaki huishika dhahabu. Kinachopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, likabaki donge jeupe. Donge hilo huchomwa, zebaki ikaruka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357, na jiko la mkaa lililopulizwa vizuri linatosha kuifikisha hapo. Ndiyo maana kazi hiyo hufanyika popote penye jiko: uani, barazani, na wakati wa mvua ndani ya nyumba.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Mtoto akimeza tone la zebaki, kwa mfano kipimajoto kimevunjika mdomoni, karibu yote hutoka na choo bila kuingia kwenye damu. Akiuvuta mvuke wake, kiasi cha asilimia 80 hubaki mwilini. Mvuke huo hauna harufu wala rangi. Unapita kwenye mapafu, unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo na figo, na kwa mama mjamzito unavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Ukishaingia kwenye ubongo hubadilika umbo, na ukibadilika kutoka kwake ni kazi ngumu. Tunaomba mlikumbuke jambo hili, maana tutalirudia tukifika kwenye dawa.

Hivyo basi, aliye katika hatari kubwa si lazima awe kijana aliyeko shimoni. Huenda ni mtoto wa miaka miwili aliyefungwa mgongoni kwa khanga wakati mama yake anachoma donge la mume au la tajiri. Mtoto mdogo huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kulinganisha na uzito wake, na akishuka mgongoni hutambaa kwenye sakafu ile ile ambako mvuke umetua na kuwa vitone vidogo visivyoonekana. Sufuria iliyochomea jana, leo inapikiwa uji.

Ipo njia nyingine tutakayoigusa tu. Zebaki inayotiririka na marudio hadi kwenye mito na mabwawa hugeuzwa na vijidudu vya matopeni kuwa aina nyingine iliyo kali zaidi, ambayo hukusanyika kwenye samaki, hasa wale wanaokula samaki wenzao. Aina hiyo ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Na zipo krimu na sabuni za mkorogo zenye zebaki. Mama anayejipaka humpaka na mwanawe bila kukusudia.

Dalili zinazofanana na kila kitu

Kama zebaki ingekuwa na dalili yake peke yake, kazi yetu ingekuwa rahisi. Mtoto aliyevuta mvuke mwingi kwa mara moja hukohoa, hubanwa kifua na kupata homa, na anaweza kufa kwa mapafu kushindwa kufanya kazi. Anayevuta kidogo kidogo kwa miezi huwa mkali, hataki kula, halali, anatoka jasho jingi, mikono inatetemeka, anachelewa kutembea au anatembea kwa kuyumba. Kwenye zahanati ataambiwa malaria, minyoo au utapiamlo. Mara nyingi huwa ni kweli ana malaria, na zebaki ipo vile vile.

Kuna sura moja ya ugonjwa huu yenye historia ya kufundisha. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, watoto wadogo wa Uingereza, Marekani na Australia waliugua viganja na nyayo kuwa vyekundu na kubambuka ngozi, pamoja na maumivu, jasho, shinikizo la damu na kuogopa mwanga. Mamia walikufa. Madaktari walidhani ni kirusi, au ni upungufu wa vitamini. Katika miaka ya 1940 daktari Josef Warkany wa Cincinnati, Marekani, alipima mkojo wa watoto hao akakuta zebaki. Ilitoka wapi? Kwenye unga wa kupaka ufizi wakati wa kuota meno, ambao wazazi wenyewe waliununua dukani kwa upendo. Watengenezaji wakuu walipoiondoa zebaki kwenye unga huo katika miaka ya 1950, ugonjwa ulitoweka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi, kwa hiyo mzazi aangalie viganja na nyayo zinazobambuka bila sababu.

Njia ya kuwa na hakika ni maabara. Kwa aliyevuta mvuke hupimwa mkojo. Kwa aliyekula samaki wenye zebaki hupimwa damu au nywele. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mtwara, na hapo ndipo pa kuanza kuuliza kabla ya kufikiria kwingine.

Gando la kaa

Tiba yenyewe huitwa kilesheni, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa. Jina limepatia. Dawa huingia kwenye damu, huibana metali pande mbili kama kaa anavyobana kidole, kisha huitoa kwa njia ya figo na mkojo.

Dawa ya kwanza ya namna hii ilivumbuliwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya kupambana na gesi ya sumu yenye aseniki. Ilichomwa kwa sindano yenye maumivu makali, na kwa baadhi ya aina za zebaki ilionekana kuisukuma kuelekea kwenye ubongo badala ya kuitoa. Siku hizi zipo mbili zilizo bora zaidi, DMSA na DMPS. DMSA ni vidonge vyenye harufu ya yai viza, na mwaka 1991 iliruhusiwa nchini Marekani kwa watoto wenye sumu ya risasi, ile metali ya kwenye betri za magari. DMPS imetumika zaidi Ujerumani na Urusi.

Sasa turudi kwenye lile tulilowaomba mlikumbuke. Dawa hizi hukamata zebaki iliyo kwenye damu na kwenye figo. Haziingii vizuri kwenye ubongo. Zebaki iliyokwisha kukaa humo hubaki, na madhara yaliyokwisha kutokea hayafutiki kwa kidonge. Nchini Iraki, mwaka 1971 na 1972, maelfu ya watu walikula mikate ya ngano ya mbegu iliyotiwa dawa yenye zebaki. Madaktari walijaribu dawa kadhaa za kunasa. Zebaki kwenye damu ilishuka upesi zaidi, lakini wagonjwa waliokwisha kupooza au kupoteza uwezo wa kuona hawakupata nafuu ya kuonekana.

Hatusemi haina faida. Mwaka 2000, kwenye machimbo ya dhahabu ya Mlima Diwata huko Ufilipino, wagonjwa 95 walipewa DMPS kwa siku 14. Wengi walisema wanajisikia vizuri zaidi, na baadhi ya vipimo vya mishipa ya fahamu vilionyesha nafuu. Lakini watafiti wenyewe waliona kwamba siku 14 hazikutosha kwa wengi wao. Na mtoto aliyevuta mvuke mwingi jana, akiwahishwa hospitali leo, ni mgonjwa tofauti kabisa na aliyeuvuta kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Kwa huyo wa kwanza daktari anaweza kuamua kutumia dawa mara moja, na tungefurahi sana kama ingepatikana karibu.

Gando hilo nalo halichagui sana. Pamoja na zebaki hubeba madini ambayo mwili unayahitaji, kama zinki na shaba. Chembe nyeupe za damu zinaweza kupungua na ini likasumbuka, hivyo damu lazima ipimwe mara kwa mara muda wote wa dozi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyotushtua tulipoyasoma. Panya wachanga wenye sumu ya risasi walipopewa DMSA walinufaika, lakini wale ambao hawakuwa na sumu yoyote, walipopewa dawa hiyo hiyo, walipata madhara ya kudumu katika uwezo wao wa kujifunza. Panya si mtoto, ni kweli. Lakini hilo linatosha kutuzuia kugawa dawa kijiji kizima kama vyandarua, bila kumpima hata mmoja.

Kilichotokea Zamfara

Mfano uliotusaidia kuamua ni wa Waafrika wenzetu. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, wachimbaji wadogo walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu majumbani, na mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Vumbi lilijaa kwenye nyua walikocheza watoto. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Madaktari Wasio na Mipaka walifika wakaanza kutibu kwa DMSA, dawa hiyo hiyo tunayoizungumzia.

Lakini walishika sharti moja. Kwanza kijiji kisafishwe, udongo wenye sumu uchotwe na kuzikwa mbali, kisha mtoto atibiwe. Kijiji cha Bagega kilisubiri mpaka mwaka 2013 kwa sababu fedha za kusafisha zilichelewa, na kwa muda wote huo tiba ya watoto wake haikuweza kuanza. Fikirini uzito wa uamuzi huo kwa daktari mwenye dawa mkononi. Sababu yake ni nyepesi kueleza: mtoto anayetibiwa huku analala kwenye sumu huingiza mwilini upya kile kilichotolewa, na atarudishwa kwenye dozi mara kwa mara hali dawa nayo ina madhara yake. Kozi moja ya DMSA kwa mtoto mwenye sumu ya risasi ni siku 19, na wapo watoto wa Zamfara waliohitaji kozi nyingi.

Kwetu Marambo sumu ni nyingine, lakini sharti linabaki lile lile. Kwa bahati nzuri zebaki ya mvuke mwili huitoa wenyewe polepole. Mtoto akiondolewa kwenye moshi, kiasi kilicho mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya miezi miwili hivi. Kwa hiyo kuhamisha jiko la kuchomea mbali na nyumba ni tiba kwa mtoto, tiba isiyo na madhara, na inaweza kuanza kesho.

Wauza tiba

Tuna wasiwasi mwingine. Neno likishasambaa kwamba zebaki hutolewa kwa dawa, watakuja wauzaji. Sisi tuliokuwapo mwaka 2011 tunakumbuka foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo. Hatuwacheki waliokwenda, maana mgonjwa hutafuta. Lakini tayari wapo mijini wanaotangaza kusafisha sumu mwilini kwa maji ya kuloweka miguu, na maji yakibadilika rangi mteja huambiwa ndiyo sumu imetoka.

Kuna ujanja mmoja unaofanana zaidi na utaalamu. Mtu hupewa kwanza dawa ya kunasa, kisha mkojo wake hupimwa. Lazima metali itaonekana nyingi, kwa sababu dawa imeivuta, na kila mwanadamu ana kidogo. Madaktari wa sumu wa Marekani wamekwisha kuonya kwamba kipimo cha namna hiyo hakithibitishi kitu. Huko kwao, wazazi wengi wa watoto wenye usonji waliaminishwa kwamba zebaki ndiyo chanzo, wakawapeleka watoto kwenye kilesheni. Mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 alifariki huko Pennsylvania baada ya kupewa kwa mshipa dawa ya aina hii ambayo hushusha kalisi ya damu hadi moyo kusimama. Kamati zisikubali mtu yeyote afungue meza ya kupima au kutibu zebaki kwenye uwanja wa kanisa bila barua ya mganga mkuu wa wilaya.

Tunachoomba

Tulipoanza kazi hii tulifanya kosa, na tulikiri mapema. Tuliwaita wenye maduara, wanaume watupu, tukawaonyesha ritoti, kile chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba, ambamo donge huchomwa na mvuke wa zebaki ukapoozwa na kurudi kuwa maji. Walitikisa vichwa, wakala chakula, wakaenda. Baadaye tukagundua kwamba wanaochoma nyumbani wengi ni akina mama na vijana, na hao hatukuwaita. Tuligundua pia kwa nini ritoti hukaa kona ikishika kutu. Mchomaji haoni dhahabu yake ikiwa ndani, anaogopa kuibiwa, na inachukua muda mrefu kuliko kuchoma wazi. Aliyekopa zebaki kwa mnunuzi hana muda wa kusubiri.

Safari hii tunapendekeza fedha ziende kwanza kwenye sehemu za pamoja za kuchomea, zilizo mbali na makazi, visima na shule, zenye ritoti ambazo mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kuzitengeneza na kuzikarabati. Serikali iko upande wetu katika hili. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo unataka uchomaji wa wazi, na uchomaji katika maeneo ya makazi, ukomeshwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza mtoto kufanya kazi za hatari. Pili, fedha ziende kwenye kupima. Tunaomba nauli na gharama za maabara kwa watoto ambao zahanati itawachagua, kuanzia kaya zinazochoma ndani. Tatu, uwepo mfuko mdogo wa rufaa, ili akipatikana mtoto mwenye kiwango cha kutisha, daktari wa hospitali ya rufaa aamue kuhusu kilesheni, na familia isikwame kwa nauli. Hapo ndipo mchango wa mfadhili anayetaka kununua dawa utakapofika mahali pake.

Akina mama wanaonyonyesha wametuuliza kama waache. Utafiti wa maziwa ya mama 46 wa maeneo ya machimbo ya Indonesia, Zimbabwe na hapa Tanzania ulikuta zebaki, na kwa baadhi yao ilikuwa nyingi. Ushauri wetu ni aache kuchoma na aendelee kunyonyesha, isipokuwa daktari amwambie vinginevyo. Zebaki ikimwagika ndani, msifagie, kwani ufagio huipasua vitone. Watoto watoke, madirisha yafunguliwe, ikusanywe kwa karatasi ngumu na kuwekwa kwenye chupa yenye kifuniko na maji kidogo. Kilichochomea zebaki kisirudi jikoni kamwe, hata kikioshwa kwa mchanga.

Tunaomba kila kigango, kwa kushirikiana na jumuiya ndogo ndogo na ndugu zetu wa misikiti, kiorodheshe mahali panapochomwa donge na idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano wanaoishi karibu. Msiandike majina ya wachomaji, tusije tukaonekana wapelelezi tukafungiwa milango. Orodha zifike ofisini kabla ya mvua za Desemba, barabara ya Marambo ikiwa bado inapitika.